Manukato ya matunda: Yapi yanahimili joto la kaskazi, na yapi yatakulalia dukani?

KWA miaka mingi mteja wa manukato katika miji ya Afrika Mashariki alikuwa hana siri. Alitaka udi, miski, waridi au ambari, na muuza duka alijua la kuagiza. Siku hizi anaingia pia mteja wa aina nyingine. Huyu anataka harufu ya embe bichi, nanasi, tini au chungwa, kitu chepesi cha kuvaa mchana wa jua, na mara nyingi anataja jina la nyumba ndogo ya Paris, London au Stockholm ambalo muuzaji hajawahi kulisikia.

Tatizo kwa mfanyabiashara ni kwamba bidhaa hizi ni za bei kubwa, na kosa moja la kuagiza hufunga mtaji kwa msimu mzima. Chupa mbili zenye picha ya tunda lile lile huweza kutofautiana kabisa: moja ikadumu kwenye nguo hadi jioni, nyingine ikapotea kabla mteja hajavuka barabara. Makala hii inaeleza tofauti hizo zinatoka wapi, inalinganisha baadhi ya majina yanayotajwa zaidi, na kuonyesha mambo ambayo mwagizaji na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla mzigo haujafika mpakani.

NYUMBA NDOGO NI ZIPI?

Manukato ya nyumba ndogo yalianza kama jibu kwa makampuni makubwa yaliyokuwa yakiuza harufu moja kwa dunia nzima kwa nguvu ya matangazo. Diptyque ilifungua duka lake Paris mwaka 1961 na kutoa manukato yake ya kwanza mwaka 1968. Mwaka 1976 Jean Laporte alianzisha L'Artisan Parfumeur, pia Paris. Baadaye zikafuata nyumba kama Frédéric Malle mwaka 2000 na Byredo ya Stockholm, iliyoanzishwa na Ben Gorham mwaka 2006.

Hata hivyo, neno "ndogo" lisimdanganye mtu. Nyingi kati ya nyumba hizi sasa zimo mikononi mwa makampuni makubwa. Estée Lauder ya Marekani ilinunua Jo Malone mwaka 1999, L'Oréal ikachukua Atelier Cologne mwaka 2016, Puig ya Hispania ikachukua L'Artisan Parfumeur mwaka 2015 na hisa nyingi za Byredo mwaka 2022, na mwaka 2023 Kering ya Ufaransa ikainunua Creed kwa euro bilioni 3.5.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni moja. Wenye makampuni haya huuza kupitia mawakala waliowateua. Chupa halali inayopatikana nje ya mtandao huo, kwa mfano kwa muuzaji wa jumla wa Dubai, inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini ikiwa na kasoro hakuna wa kuirudisha kwake. Hatari hiyo inapaswa kuhesabiwa kwenye bei tangu mwanzo.

TUNDA LIPI HUTOA MAFUTA?

Hapa ndipo siri ya biashara ilipo. Matunda yanayotajwa kwenye maboksi yamegawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni jamii ya machungwa: limau, ndimu, chungwa, chenza, balungi na bergamoti. Maganda ya matunda haya yana mafuta yenye harufu, nayo hukamuliwa moja kwa moja bila kupikwa. Bergamoti nyingi hutoka Calabria, kusini mwa Italia, ingawa Ivory Coast nayo huzalisha. Mafuta haya ni mepesi mno. Ndiyo maana harufu ya limau humpokea mtu mara tu chupa inapopulizwa, na ndiyo maana huondoka mapema.

Kundi la pili ni matunda laini: pichi, nanasi, peasi, embe, tikiti, beri na mengine ya namna hiyo. Haya hayatoi mafuta ya kutosha kutengenezea manukato. Harufu yake hujengwa maabara. Mfano maarufu ni wa Guerlain, ambayo mwaka 1919 iliweka kiungo chenye harufu ya pichi ndani ya Mitsouko. Kiungo hicho ni cha jamii inayoitwa laktoni, na ndugu yake mwingine ndiye anayetoa harufu ya nazi.

Kwa hiyo mteja akiuliza kama nanasi lililomo ni "la asili", jibu la kweli ni hapana, na hilo si dalili ya bidhaa mbovu. Viungo vya maabara mara nyingi ndivyo vinavyodumu zaidi, kwa sababu mtengenezaji huweza kuchagua vilivyo vizito.

JOTO HUFANYA NINI?

Manukato hujengwa kwa tabaka tatu. Harufu ya mwanzo ndiyo inayosikika dakika za kwanza, harufu ya kati hufuata kwa saa kadhaa, na harufu ya msingi ndiyo inayobaki kwenye nguo. Joto huharakisha safari yote hiyo. Mjini Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, manukato yenye limau tupu huweza kumaliza harufu yake ya mwanzo kabla ya saa moja kwisha.

Maneno yaliyoandikwa kwenye chupa husaidia kukisia. Kwa kawaida eau de cologne huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5, eau de toilette asilimia 5 hadi 15, na eau de parfum asilimia 15 hadi 20. Extrait hupita hapo. Viwango hivi ni desturi ya biashara wala si sheria, hivyo nyumba moja huweza kuita toilette kile ambacho nyingine inakiita parfum.

Aidha, wingi wa mafuta peke yake hautoshi. Limau la asilimia 20 bado ni limau. Kinacholishikilia ni kile kilichowekwa chini yake: miski, mbao, ambari au utomvu.

ULINGANISHO

Machungwa na ndimu. Eau d'Hadrien ya Annick Goutal ilitoka mwaka 1981. Ni limau na balungi juu ya saipresi, kavu, isiyo na sukari, kama ganda lililobanwa kwa kidole. Wanaume na wanawake huivaa sawasawa. Udhaifu wake ni muda: mteja atalazimika kujipulizia tena mchana. Orange Sanguine ya Atelier Cologne, ya mwaka 2010, ilitengenezwa kwa nia ya kuondoa udhaifu huo. Nyumba hiyo ilichukua umbo la cologne ikaongeza kiasi cha mafuta. Harufu yake ni ya chungwa jekundu lenye maji mengi, tamu kuliko Hadrien. Inadumu zaidi, lakini bado si ya kutwa nzima.

Tini. Mwaka 1994 mtengenezaji Olivia Giacobetti aliipa L'Artisan Parfumeur manukato yaitwayo Premier Figuier, ambayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kuujenga mti wa mtini wenyewe. Miaka miwili baadaye, 1996, mtengenezaji huyo huyo aliipa Diptyque Philosykos. Haya mawili huchanganywa na wauzaji, nayo yanatofautiana. Premier Figuier ni laini, ina utamu wa maziwa ya nazi. Philosykos ni ya kijani zaidi: jani lililovunjwa, utomvu mweupe, kisha mbao kavu. Mteja aliyezoea mafuta ya nazi huelekea kupenda la kwanza. Anayechukia utamu apewe la pili.

Kwa anayetaka tini iliyo karibu na limau, ipo Fico di Amalfi ya Acqua di Parma ya Italia, iliyotoka mwaka 2006. Hii ina ubichi wa machungwa mwanzoni, na ndiyo rahisi zaidi kumuuzia mtu anayenunua tini kwa mara ya kwanza.

Beri. Mûre et Musc ya L'Artisan Parfumeur, ya mwaka 1978, ni beri nyeusi iliyolazwa juu ya miski. Ni ya kale katika kundi hili, na imeigwa mara nyingi. Uzuri wake katika soko letu ni miski: mteja anaifahamu harufu hiyo tangu utotoni, hivyo tunda haliji kama mgeni.

Peasi na nektarini. Jo Malone ya London ilitoa Nectarine Blossom & Honey mwaka 2005 na English Pear & Freesia mwaka 2010. Zote ni nyepesi, safi, za ofisini. Nyumba hii huziita cologne, na huhimiza wateja kuvaa mbili kwa pamoja. Kwa muuzaji hilo ni faida, kwani mteja mmoja hununua chupa mbili. Lakini asiahidiwe kwamba harufu itamfikisha jioni.

Tikiti na plamu. Le Parfum de Thérèse ina historia yake. Edmond Roudnitska, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa karne ya 20, aliitunga kwa ajili ya mkewe. Iliuzwa kwa umma mwaka 2000 tu, chini ya Frédéric Malle, miaka minne baada ya Roudnitska kufariki. Ndani yake mna tikiti, chenza, yasmini, plamu na ngozi. Si harufu ya kijana anayetaka sukari, ni ya mtu mzima anayejua anachokitaka. Duka la kawaida lisiweke zaidi ya chupa moja ya kujaribia.

Mchanganyiko wa matunda. Pulp ya Byredo, ya mwaka 2008, ni kikapu kizima: tini, tofaa, karanti nyeusi na iliki, kwa nguvu. Kwenye baridi ya Nairobi mwezi Julai huvutia. Kwenye basi lililojaa mchana wa Februari huweza kuwachosha abiria. Mteja aelezwe apulize kidogo.

Embe. Un Jardin sur le Nil, aliyoitengeneza Jean-Claude Ellena kwa ajili ya Hermès mwaka 2005, si ya nyumba ndogo, lakini haiwezi kuachwa. Ilitokana na safari ya Aswan, Misri, ambako Ellena alikutana na harufu ya maembe mabichi mtini. Haina utamu wa embe dodo lililoiva. Ni embe bichi, lile la kuliwa kwa chumvi na pilipili, pamoja na yungiyungi na maji. Mteja wa Afrika Mashariki huitambua mara moja bila kuelezwa.

Nanasi. Aventus ya Creed, ya mwaka 2010, ndiyo iliyoingiza nanasi kwenye shingo za wanaume. Juu kuna nanasi, tofaa na bergamoti. Chini kuna harufu ya moshi wa mbao, miski na viungo vizito vya ambari. Msingi huo ndio sababu inadumu kuliko karibu zote zilizotajwa hapo juu, na ndiyo sababu imeigwa kuliko zote.

"INAFANANA NA" SI SAWA NA "BANDIA"

Viwanda vya Falme za Kiarabu hutengeneza manukato yanayofuata harufu za nyumba za Ulaya, kwa majina na chupa zao wenyewe. Mfano unaojulikana ni Club de Nuit Intense Man ya Armaf, chapa ya Sterling Parfums ya Dubai, ambayo wapenzi wa manukato huifananisha na Aventus. Bidhaa za namna hii ndizo zinazojaza maduka mengi ya Kariakoo, Eastleigh na Unguja, nazo ni halali.

Harufu yenyewe ni ngumu kulindwa kisheria. Mwezi Juni 2006 Mahakama ya Juu ya Ufaransa ilikataa kuipa harufu ya manukato haki ya mtunzi. Siku chache baadaye mwezi huo huo, Mahakama Kuu ya Uholanzi ikaamua kinyume chake. Lakini jina, nembo na umbo la chupa ni suala jingine. Anayeuza chupa iliyoandikwa jina la Creed ambayo haikutoka Creed anauza bandia.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, iliamua kwamba kuchapisha orodha ya ulinganisho, yaani namba hii ni sawa na jina lile maarufu, ni kujinufaisha isivyo haki na nembo ya mwingine. Uamuzi huo haufungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini anayepeleka mzigo Ulaya ajihadhari na ubao wa aina hiyo. Huku kwetu, Tanzania bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Kenya ina mamlaka maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008.

MPAKANI

Manukato huingia kwenye kifungu cha 3303 cha mfumo wa kimataifa wa utambuzi wa bidhaa. Mfanyabiashara mdogo anayebeba mzigo wa dola 1,500 kutoka Nairobi kwenda Arusha hudhani atapita kwa utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu kikomo chake ni dola 2,000. Sivyo. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Chupa iliyotengenezwa Dubai au Paris haigeuki kuwa ya Kenya kwa kulala ghala la Nairobi.

Jingine ni viwango. Tanzania, tangu mwaka 2019 vipodozi vimehamishiwa Shirika la Viwango, TBS, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kenya ni KEBS na Uganda ni UNBS. Mwagizaji aulize masharti ya usajili kabla ya kulipia mzigo, si baada ya lori kusimamishwa.

Aidha, mizigo ya bei chee ikaguliwe viungo. Kiungo kiitwacho Lilial kilipigwa marufuku kwenye vipodozi katika Umoja wa Ulaya kuanzia Machi 1, 2022. Shehena za zamani zenye kiungo hicho, ambacho kwenye boksi huandikwa "butylphenyl methylpropional", haziwezi kuuzwa huko, na bei ya kutupa huweza kuwa dalili ya mzigo unaotafutiwa pa kwenda.

KWA WASAFIRISHAJI

Manukato mengi ni spiriti, na spiriti huwaka. Kimataifa huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari wa daraja la 3, vimiminika vinavyowaka, chini ya namba UN 1266. Vikiwa vimefungwa katika vyombo vidogo visivyozidi lita 5 kila kimoja, na kifurushi kizima kisizidi kilo 30, vinaweza kusafirishwa baharini kwa masharti nafuu ya kiasi kidogo, mradi alama yake iwekwe kwenye boksi. Kwa ndege masharti ni makali zaidi. Dereva anayeandikiwa "vipodozi" tu kwenye hati ya mzigo ndiye atakayebaki na maswali siku moto ukitokea.

Adui wa pili ni jua. Joto ndani ya kontena lililosimama juani huweza kupita nyuzi 50. Manukato ya machungwa ndiyo yanayoumia kwanza, kwani mafuta ya maganda yakikutana na hewa na joto huoza na kutoa harufu inayokaribia tapentaini. Kontena likikaa wiki mbili bandarini kwa kukosa hati moja, mwenye Hadrien na Orange Sanguine hupoteza zaidi kuliko mwenye Aventus. Mizigo ya jamii ya machungwa ipangwe mbali na kuta na paa la kontena, na isiagizwe kwa wingi wa mwaka mzima.

NAMNA YA KUANZA

Mfanyabiashara anayeanza halazimiki kununua chupa mia. Chupa ya mililita 100 hutoa takriban mipulizo 1,000. Chukulia imefika dukani kwa gharama ya dola 200, pamoja na ushuru na usafiri. Kila mililita ni dola 2. Vichupa vya mililita 5 vikiuzwa dola 14 kimoja, kichupa chenyewe kikigharimu dola 1, faida ni dola 3 kwa kila kimoja, na mteja amejaribu bila kujifunga. Hata hivyo, kichupa kiandikwe wazi kwamba kimepimwa dukani, na masharti ya viwango ya nchi husika yafuatwe, la sivyo kitahesabiwa bidhaa isiyo na lebo.

Jaribio lenyewe lifanywe kwenye ngozi, si kwenye karatasi peke yake, na linuswe mara tatu: baada ya dakika 15, baada ya saa 2 na baada ya saa 5. Lifanywe mchana, nje, si ndani ya duka lenye kiyoyozi. Na kwa yale yenye bergamoti nyingi, mteja ashauriwe kupuliza kwenye nguo. Mafuta ghafi ya bergamoti yana kemikali inayoweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Watengenezaji wakubwa siku hizi huiondoa kemikali hiyo au kuipunguza, lakini kwa bidhaa isiyojulikana ilikotoka hakuna uhakika.

Yote yakihesabiwa, ukanda huu si wa kununua tu. Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya langilangi, ua linalowekwa ndani ya manukato mengi ya kiangazi ili kuyapa joto la jua. Madagaska hutoa vanila, na Unguja na Pemba karafuu. Malighafi hizo huondoka bandarini kwetu kwa mapipa na kurudi kwa mililita. Mfanyabiashara anayejua kilichomo ndani ya chupa ana nafasi nzuri zaidi ya kupanga bei, akiwa upande wa kununua au wa kuuza.